Soya, samaki, alizeti au majani: nguruwe mwenye mimba umpe protini ipi?

Mahindi yapo, pumba zipo, maji yapo. Kinachomsumbua mfugaji ni ile sehemu ndogo ya mchanganyiko inayoleta protini: anunue soya, atafute unga wa samaki, aridhike na mashudu ya alizeti (makapi yanayobaki mbegu zikishakamuliwa mafuta), au akate majani tu? Kila chaguo lina watu wake wanaoliapia, na mara nyingi wanachoapia ni kile kinachopatikana karibu nao. Hapa tunaziweka njia hizo nne kwenye mizani moja, tukianza na mizani yenyewe.

Tunapima nini

Nguruwe hubeba mimba siku 114 hivi: miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, kama wengi wanavyohesabu. Sehemu kubwa ya muda huo hahitaji makuu. Jike aliyekwisha kuzaa, mwenye mwili wa wastani, hutosheka na kilo 2 hadi 2.5 kwa siku za chakula chenye protini asilimia 12 hadi 14. Anayedai asilimia 16 hadi 18 ni yule anayenyonyesha. Ukimpa mwenye mimba chakula cha anayenyonyesha tangu siku ya kwanza, unapoteza fedha, kwa sababu protini iliyozidi haiwekwi akiba. Mwili huivunja na nitrojeni yake hutoka na mkojo. Banda linalowasha macho asubuhi kwa harufu ya amonia huwa na sababu nyingi, na hii ni mojawapo.

Kwa hiyo kigezo cha kwanza ni ubora wa protini, na wingi wake unafuata nyuma. Protini imejengwa kwa asidi amino, na kwa nguruwe anayekula nafaka ile inayokwisha kwanza ni laisini. Hawezi kuitengeneza mwenyewe. Mahindi yana laisini asilimia 0.25 hivi, kiasi kidogo mno. Ikiisha, asidi amino nyingine hata zikijaa hazisaidii. Ni kama fundi mwenye mbao tele na misumari ya kuhesabu. Lenga laisini asilimia 0.5 hadi 0.6 ya chakula chote, yaani gramu 12 hadi 14 kwa siku kwa jike anayekula kilo 2.3. Jike wa mimba ya kwanza, ambaye mwenyewe bado anakua, anahitaji zaidi. Vivyo hivyo jike yeyote aliye katika mwezi wa mwisho.

Kigezo cha pili ni usalama: mbali na protini, gunia limebeba nini kingine? Cha tatu ni nyuzinyuzi. Jike mwenye mimba hulishwa kwa kipimo, na kipimo hicho hakimshibishi. Mwenye njaa hutafuna vyuma vya banda mchana kutwa, husukumana na wenzake, na karibu na kuzaa choo chake huwa kigumu. Cha nne ni kazi ya kuandaa na kuhifadhi. Mwisho tutaangalia kila chaguo linamfaa nani.

Bei sikuiweka kwenye orodha kwa makusudi. Inapanda na kushuka, na bei ya gunia peke yake inadanganya. Tutaigeuza kuwa bei ya laisini huko mbele.

Mimba ina vipindi

Mwezi wa kwanza vijusi vinajishikiza kwenye mfuko wa uzazi. Jike anahitaji utulivu na kipimo kisichoyumba, na si wakati wa kumjaza. Kati ya siku ya 30 na ya 90 hivi ndipo aliyedhoofika kwa kunyonyesha hurudishiwa mwili, na aliyenenepa hushikiliwa pale alipo. Kuanzia siku ya 90 mambo hubadilika. Zaidi ya nusu ya uzito ambao mtoto atazaliwa nao huongezeka katika mwezi huo wa mwisho, na tishu za kiwele zinazotengeneza maziwa hukua wakati huohuo. Hapo kipimo hupanda hadi kilo 2.5 au 3, na ubora wa protini huanza kuonekana kwenye matokeo.

Wengi hufanya kinyume. Humlisha sana jike mwanzoni kwa furaha ya kuona mimba imeshika, kisha wiki za mwisho humwacha na kipimo kilekile, au akiba ikipungua humpunguzia. Jike aliyenenepa kupita kiasi huzaa kwa shida, na akianza kunyonyesha hula kidogo katika kipindi ambacho angepaswa kula zaidi.

Upungufu wa protini nao hauonekani mapema. Jike hutoa misuli yake mwenyewe kuwalisha watoto walio tumboni, hivyo idadi ya watoto inaweza kuwa nzuri na mfugaji akajipongeza. Deni hulipwa baadaye: maziwa haba, mifupa ya nyonga iliyotokeza siku ya kuachisha watoto kunyonya, na joto, yaani hali ya kutaka dume, linalochelewa kurudi.

Soya

*Ubora wa protini.* Mashudu ya soya yana protini asilimia 44 hadi 48 na laisini karibu asilimia 2.8. Punje nzima ambazo hazijakamuliwa mafuta zina protini asilimia 36 hadi 38, na mafuta karibu asilimia 18 hadi 20. Katika vyakula vya mimea, soya ndiyo inayokaribiana zaidi na mahitaji ya nguruwe. Kasoro yake ni uchache wa methionini, asidi amino nyingine, na mahindi huziba pengo hilo. Ndiyo sababu soya na mahindi huandamana katika mapishi ya viwanda vingi vya chakula cha mifugo.

*Usalama.* Soya mbichi ina vitu vinavyozuia mmeng'enyo wa protini. Jike mzima mwenye mimba huvivumilia kuliko nguruwe wadogo, lakini kuvumilia si kufaidika. Soya inahitaji moto. Ukichemsha punje, hesabu nusu saa tangu maji yaanze kutokota, kisha anika zikauke kabisa kabla ya kusaga. Ukikaanga, koroga bila kupumzika mpaka ganda lianze kupasuka na ndani pawe na rangi ya kahawia hafifu. Tafuna moja: ladha ya ubichi inayong'ang'ania ulimini iwe imeondoka. Zilizogeuka kahawia nzito au nyeusi zimepita kiasi, na cha kwanza kuungua hapo ni ileile laisini unayoitafuta.

*Nyuzinyuzi.* Chache. Mchanganyiko wa mahindi na soya bila pumba humwacha jike na njaa.

*Kazi na uhifadhi.* Mashudu yaliyokamuliwa vizuri hukaa muda mrefu yakiwa makavu. Punje nzima zikishasagwa, mafuta yake huchacha haraka, kwa hiyo saga za wiki moja au mbili tu.

*Inamfaa* anayetaka mchanganyiko usiobadilikabadilika, mwenye majike kadhaa wa umri tofauti, na asiyependa kuhangaika na kupima usafi wa kila gunia.

Unga wa samaki na dagaa waliosagwa

*Ubora wa protini.* Hapa hakuna ubishi. Unga mzuri una protini asilimia 60 au zaidi na laisini karibu asilimia 4.5, pamoja na methionini ya kutosha, kalsiamu, fosforasi na vitamini B12, ambayo mimea haina. Kilo 5 katika kilo 100 za chakula zinatosha jike mwenye mimba. Kuzidisha ni kumwaga.

*Usalama.* Huku ndiko kwenye kazi. Bidhaa inayouzwa kwa uzito huvutia mchanga. Chukua kiganja kimoja, tia kwenye glasi ya maji, koroga, ngoja dakika chache. Pumba na vumbi la mbao huelea juu, mchanga hutua chini. Mwaga maji taratibu kisha sugua kilichobaki kwa vidole: mifupa na magamba huvunjika, mchanga hukwaruza. Onja kidogo pia. Ikiwa ni chumvi tupu, usiongeze chumvi nyingine kwenye mchanganyiko na uhakikishe maji hayakauki, kwa maana chumvi humdhuru nguruwe hasa pale anapokosa maji. Samaki waliokaushwa nusunusu huleta ukungu na vijidudu vya salmonela. Unga wenye harufu ya samaki ni sawa. Wenye harufu ya kuoza uache dukani.

*Nyuzinyuzi.* Hamna. Lazima pumba zifanye kazi hiyo.

*Kazi na uhifadhi.* Kuandaa ni rahisi, kuhifadhi kuna masharti: pakavu, mfuko uliofungwa, mbali na panya. Mafuta ya samaki huchacha, na yakichacha huharibu vitamini E iliyomo kwenye chakula chote.

*Inamfaa* mwenye majike wachache anayeweza kukagua kila kiroba, na hasa kwa wiki nne za mwisho au kwa jike wa mimba ya kwanza. Harufu ya samaki kwenye nyama, ambayo humtisha anayenenepesha nguruwe wa kuchinja, haina uzito kwa jike anayebaki bandani kuzaa.

Mashudu ya alizeti

Alizeti hudharauliwa kuliko inavyostahili. Kwa mnyama anayenenepeshwa, dharau hiyo ina msingi. Kwa jike mwenye mimba, sioni sababu ya kuikimbia.

*Ubora wa protini.* Inategemea maganda. Mbegu zilizokobolewa kabla ya kukamuliwa hutoa mashudu yenye protini asilimia 34 au zaidi. Zilizokamuliwa na maganda yake hushuka hadi asilimia 28, wakati mwingine chini ya 25. Tazama kipande kwenye mwanga: kikiwa kimejaa vipande vyeusi na vyeupe vya maganda, unanunua nyuzinyuzi nyingi kuliko protini. Laisini ni ndogo, karibu asilimia 1. Methionini ni nzuri, hivyo alizeti na soya kwa pamoja hufidiana.

*Usalama.* Haina sumu asilia ya kuhofia, na hilo huitenga na mashudu ya pamba, yenye gosipoli inayodhuru moyo na ini la nguruwe. Kinachoiharibu ni unyevu na mafuta yaliyobaki. Mashine ndogo za kukamua huacha mafuta mengi ndani. Mashudu hayo huongeza nguvu kwenye chakula, lakini yakikaa kwenye joto huchacha.

*Nyuzinyuzi.* Nyingi, na hapa kasoro hugeuka faida. Utumbo mpana wa jike mzima una uwezo wa kuchachusha nyuzinyuzi na kupata nguvu humo, uwezo ambao nguruwe mdogo hana. Hushiba kwa muda mrefu, hutulia, na choo huwa laini.

*Kazi na uhifadhi.* Vibonge vigumu vivunjwe na kusagwa vizuri. Jike akiachiwa vipande vikubwa huchagua, hula anachotaka na kuacha kingine pembeni ya kihori.

*Inamfaa* mwenye majike waliokwisha kuzaa mara mbili tatu, walio katikati ya mimba. Kwa mimba ya kwanza na mwezi wa mwisho, usiitegemee peke yake.

Majani

Watu wengi wanapouliza juu ya majani wanataka kusikia kwamba yanaweza kufuta gharama za chakula. Hesabu haikubali. Kilo 3 za majani mabichi ya viazi vitamu zina maji karibu asilimia 87. Kinachobaki ni gramu 390 za kitu kikavu, chenye protini asilimia 20 hivi: jumla gramu 78. Jike anayehitaji kilo 2.3 za chakula chenye protini asilimia 13 anahitaji gramu 300. Majani yameleta robo. Lusani mbichi (malisho ya jamii ya kunde) huleta zaidi kidogo kwa uzito uleule kwa kuwa maji yake ni machache, ila nayo si chakula kizima.

*Ubora wa protini.* Wa wastani hadi mzuri, lakini umezamishwa ndani ya maji na nyuzinyuzi, na sehemu yake haimeng'enywi.

*Usalama.* Majani ya viazi vitamu na lusani hayana shida. Majani ya muhogo mabichi yana sumu ya sianidi. Yakatwekatwe na kukaushwa kwanza. Lusina, mti wa malisho, ina mimosini, kitu kinachonyonyoa manyoya na kuvuruga uzazi, hivyo kwa jike mwenye mimba ikae kando. Usikate majani mahali palipomwagwa samadi ya nguruwe, vinginevyo unamrudishia mayai ya minyoo yaliyotoka bandani.

*Nyuzinyuzi.* Nyingi, pamoja na vitamini. Jike anayepewa majani mchana hupunguza kelele. Hilo utalisikia mwenyewe.

*Kazi na uhifadhi.* Kukata kila siku, kubeba, kukatakata. Hayahifadhiki, isipokuwa lusani ukiikausha.

*Inamfaa* mwenye shamba na nguvukazi, kama nyongeza juu ya kipimo kilichopunguzwa kidogo katikati ya mimba. Wiki za mwisho tumbo limejaa watoto na nafasi ya majani ni finyu, hapo yapunguze.

Hesabu ya kilo 100

Hebu tuone michanganyiko mitatu, kila mmoja ukiwa na jumla ya kilo 3 za chokaa, unga wa mifupa, chumvi na mchanganyiko wa vitamini na madini.

Wa soya: mahindi kilo 60, pumba za ngano kilo 30, mashudu ya soya kilo 7. Protini inafika asilimia 12.9, na laisini asilimia 0.53. Kwa kilo 2.3 kwa siku, jike anapata gramu 12 za laisini.

Wa samaki: mahindi 62, pumba 30, unga wa samaki 5. Protini ni ileile 12.9, laisini 0.56, sawa na gramu 13 kwa siku. Unga wa mifupa unaweza kupunguzwa, maana samaki ameleta wake.

Wa alizeti: mahindi 57, pumba 24, mashudu ya alizeti 16. Protini asilimia 13, juu kidogo ya ile mingine. Laisini asilimia 0.45, gramu 10 tu kwa siku.

Michanganyiko hii mitatu ikipelekwa kwa mtu anayesoma protini pekee, atasema ni sawa, na pengine atasifu wa tatu. Pengo lake la laisini huzibwa kwa gramu 100 za laisini ya kiwandani katika kilo 100 za chakula, au kwa kupunguza alizeti na kuongeza kilo chache za soya au samaki. Laisini hiyo ni kidogo kiasi kwamba ukiimwaga moja kwa moja haitaenea. Ichanganye kwanza na kilo 2 za unga wa mahindi, kisha hizo kilo 2 ndizo uzisambaze kwenye rundo kubwa.

Viwango hivi vinabadilika kulingana na mazao na ukamuaji, kwa hiyo ukiweza kupeleka sampuli maabara, peleka. Ila mwelekeo haubadiliki.

Sasa bei. Kilo ya mashudu ya soya ina laisini gramu 28, ya unga wa samaki 45, ya alizeti 10. Gawanya bei ya kilo kwa gramu hizo. Kwa kipimo hiki, samaki akiuzwa mara moja na nusu ya soya bado ni nafuu kidogo, lakini awe samaki kweli, asiwe na mchanga. Alizeti inatakiwa kuuzwa karibu theluthi ya bei ya soya ili zilingane kwa laisini. Ikizidi kidogo bado inaweza kukulipa, kwa kuwa umepata na nyuzinyuzi ndani yake.

Mashudu ya karanga sikuyapa nafasi yake ingawa yana protini nyingi. Laisini yake ni haba na sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na ukungu, huyapenda. Mahindi yenye ukungu ni vivyo hivyo: baadhi ya sumukuvu huiga homoni za uzazi, na jike akavimba uke kana kwamba yumo kwenye joto huku amebeba mimba. Usimwekee mwenye mimba mabaki ya gunia.

Kwa hali yako

Una jike wa mimba ya kwanza: soya au samaki tangu mwanzo hadi mwisho, na alizeti iwe sehemu ndogo. Huyu anajenga mwili wake na wa watoto kwa sahani moja.

Una majike wazoefu, wenye mwili mzuri, na alizeti iko jirani: itumie mpaka siku ya 85 au 90, ukiongeza laisini ya kiwandani kama inapatikana. Baada ya hapo hamia kwenye soya au weka kilo 3 hadi 5 za samaki katika kila kilo 100. Mabadiliko yafanyike kwa siku nne au tano, si kwa usiku mmoja.

Unapata samaki bora lakini kwa msimu: watunze kwa ajili ya wiki nne za mwisho za kila jike badala ya kuwagawa kidogo kidogo kwa mwaka mzima.

Huna cha kununua kingi, una shamba: majani katikati ya mimba, pumba za ngano badala ya za mahindi kwa kuwa zina protini na laisini zaidi, na fedha kidogo uliyonayo inunue soya ya mwezi wa mwisho.

Jike amedhoofika baada ya kunyonyesha: kabla ya kubadili aina ya protini, ongeza kipimo. Bonyeza kiganja juu ya nyonga na uti wa mgongo. Mifupa ikipatikana bila kubonyeza, amekonda. Ukibonyeza kwa nguvu na usiipate, amenenepa kupita kiasi. Inayosikika kwa kubonyeza kidogo ndiyo hali unayoitaka siku ya kuzaa. Rudia kila wiki tatu hivi, na urekebishe kipimo kwa robo kilo, si kwa kilo nzima.

Na chochote utakachochagua, maji yawepo saa zote. Jike mwenye mimba hunywa lita 10 hadi 20 kwa siku, na huongeza pale chakula kinapokuwa na nyuzinyuzi au chumvi nyingi.